Koti Analolalia Bosco

Kitale, Jumapili

Baba Nelima,

Sisi tuko salama. Mahindi yameanza kubeba na Nelima amepona homa. Shida ni mbwa wako. Bosco amejikuna mpaka manyoya ya mgongo yameisha. Jirani yetu Jerop aliniambia nimpake oili chafu ya injini ya posho mill, ile ya kusaga mahindi, vile watu hufanya hapa. Nikampaka, ngozi ikaungua, akawa analia akiniangalia.

Daktari wa mifugo alinigombeza.

"Mama, oili ni sumu. Hawa ni viroboto tu. Dawa nimempa, lakini chenye analalia lazima kichemshwe. Kwani analalia nini?"

Nikasema gunia.

Si gunia. Ni lile koti lako la kijani. Tangu uondoke sijalifua, kwa sababu bado lina harufu yako. Usiku namnyang'anya Bosco, nalala nalo. Sasa hata mimi najikuna. Kanisani navaa mikono mirefu.

Nasikia huko Bungoma una koti jipya, na kuna mtu wa kukufulia.

Leo nilichemsha maji, yakapoa nikiwa nimelishika lile la kijani tu. Bosco bado anajikuna. Jumamosi nitachemsha tena. Kama unarudi, rudi kabla ya hapo.

Mimi,
Mama Nelima