Mke Mwenzangu Rupmala

Bormati, mwezi wa Puh

Mdogo wangu mpenzi Nirola,

Natumai barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba kifua cha yule mdogo kimetulia. Huku hatujambo. Nasema "hatujambo" kwa mazoea tu, maana nyumbani nimebaki mimi na kuku. Ukungu wa mwaka huu ni mzito, asubuhi siuoni hata mgomba ulio mbele ya mlango. Mpunga umeshavunwa. Mama Bipin anakusalimu, na anauliza ule uzi mwekundu uliomwahidi utafika lini au ulikuwa unamfurahisha tu.

Barua yako niliipata na maneno yako nimeyasikia. Umeniambia nifunge nyumba nije Guwahati nikae nanyi, kwamba si vizuri nile peke yangu kama mtu aliyetengwa. Ni kweli nakula peke yangu. Mkono umezoea, kila siku napika wali wa watu wawili, kesho yake nakula kiporo. Jioni ndiyo inayonimaliza, ile saa marehemu mume wangu aliyokuwa akikohoa uani ili nijue amerudi. Nilikuwa nimeshaamua kuja, hata sanduku nilishalitoa. Kilichonichelewesha ni Rupmala, na tafadhali usicheke.

Unajua nilivyomchukia yule tembo ambaye mume wangu alikuwa mtunzaji wake. Sijamaliza hata wiki ya ndoa, wanawake wa bwawani wakaanza kunitania: "Mke mkubwa yuko mtoni anaogeshwa. Wewe mdogo subiri zamu yako." Na zamu yenyewe ilikuwa haifiki. Msimu wa msituni alikuwa naye huko miezi na miezi, na msimu wa harusi alikuwa naye barazani kwa watu, akimchora maua usoni na masikioni kwa subira ambayo mimi sikuwahi kuiona. Walipopita kijijini, wanawake walitoka na vyombo vya maji kumwosha Rupmala miguu, wakampaka sindur, ile rangi nyekundu ya wanawake wenye waume, kwenye paji la uso, wakasema Mama Lakshmi, mungu wa baraka, amekuja kwa miguu yake mwenyewe. Watoto wanaoota ndoto mbaya walipitishwa chini ya tumbo lake. Mimi niliyesimama pembeni hakuna aliyeniuliza kama nimekunywa chai. Siku moja nilimwambia mume wangu kwamba nikifa mimi, atapata habari nimeshakuwa majivu. Akacheka, akasema afadhali Rupmala, hana wivu.

Kumbe wa kutangulia alikuwa yeye. Ile homa aliyotoka nayo msituni unaijua, na siku ya kuchomwa kwake tulikuwa wote. Yaliyofuata baada ya wewe kuondoka ndiyo huyajui.

Rupmala alikataa kula. Mzee Bhabani, mwenye tembo, alimleta mtunzaji mpya kutoka ng'ambo ya mto, anaitwa Moinul, mtu mzima anayeijua kazi yake. Rupmala hakumpiga wala hakumtisha. Alimgeuzia mgongo tu. Vigogo vya migomba vilikauka mbele yake, na mpunga aliofungiwa kwenye majani hakuugusa. Wanawake wakaacha kumletea maji. Wakasema tembo aliyefiwa na mtu wake ni kama mjane, asisimamishwe mlangoni kwa bibi harusi, ataleta nuksi. Hata sindur hakuna tena aliyempaka. Niliyasikia hayo bwawani, kutoka kwa watu walewale walionifuta mimi sindur yangu, nikainama nikaendelea kufua. Siku hiyo ndiyo mara ya kwanza nilimwonea Rupmala huruma.

Mzee Bhabani naye akachoka. Alitangaza kwamba kuna mtu wa mbali anayemtaka, na kama hali haibadiliki lori litakuja kumchukua kabla hajafia mikononi mwake. Jioni yake Moinul alikuja kwangu. Alikaa chini uani, kigoda akakikataa. Akasema, "Shemeji, yule haumwi. Anamngoja mtu wake. Nikijifunga nguo yenye harufu yake, pengine atanikubali nimsogelee. Huna hata moja ambayo haijafuliwa?"

Nikamwambia sina. Nikamwambia mdogo wangu alizifua zote baada ya msiba, kama mila inavyotaka. Alinitazama kidogo, hakubishana. Aliomba radhi kwa kunisumbua akaenda zake.

Nirola, nilimdanganya, na wewe pia nilikudanganya. Ile gamosa yake, ile nyeupe yenye pindo jekundu aliyokuwa akijifunga kichwani, uliyoitafuta nyumba nzima, nilikwambia imeungua pamoja naye. Haikuungua. Niliificha ndani ya mtungi wa mchele, nimeifunga kwenye mfuko wa nailoni ili harufu isitoke. Ilikuwa na jasho lake, na sigara zake za bidi, na mafuta ya haradali, na tembo, kwa kweli, tembo alikuwa mwingi humo. Usiku nilikuwa nafungua mfuko kidogo, nanusa, nafunga haraka isije ikaisha. Najua nguo ya marehemu ni mkosi kuiweka ndani. Nigombeze ukipenda, lakini bila ile nguo ningekuwa nimeshapiga kelele hadi nikapelekwa kwa mganga.

Kwa hiyo niligoma. Nilijisemea, huyu alikuwa naye mchana, alikuwa naye msituni, alikuwa naye mvua na jua. Hii ni yangu. Nikaendelea kugoma hadi niliposikia lori limefika na limesimama kwa mzee Bhabani. Nikatia mkono kwenye mchele nikatoa mfuko, nikatoka mbio bila hata shali.

Nilimkuta amefungwa mnyororo, paji limebonyea, ngozi imemlegea. Sikuwahi kumkaribia namna ile bila mume wangu kuwa katikati yetu. Kabla sijamaliza kufungua, mkonga ulikuwa umeshafika. Aliinusa gamosa huku na huku, akaiweka kichwani pake, akaishusha, akainusa tena. Moinul alikuwa amenyoosha mkono aichukue ajifunge, kama alivyokuwa ameniomba. Rupmala akaikunja, akaitia mdomoni, akaimeza.

Moinul alimkemea, lakini ilikuwa imeshakwenda. Nikabaki na mfuko mtupu mkononi. Nirola, nilipandwa na hasira, nikamwambia mbele za watu wote, "Mchoyo wewe. Hata hicho umeona uninyime." Kisha nikakaa palepale kwenye mavi yake nikalia kilio ambacho hata siku ya kuchoma maiti sikukilia. Katikati ya kulia nikasikia kitu kinatafunwa. Alikuwa ameokota kigogo cha mgomba. Moinul akamsogezea kingine taratibu, naye akakipokea. Lori liliondoka tupu.

Usiku ule nilikaa kitandani nisijue la kufanya na mikono yangu, kwa sababu hakikuwepo tena cha kufungua. Kesho yake jioni nikajikuta nimerudi kwake. Labda nilikwenda kugombana naye zaidi, sijui. Alianza kuninusa miguuni, akapanda viganjani, akaja shingoni, akafika kwenye nywele zangu akatulia hapo. Pumzi yake ilikuwa ya moto kichwani pangu. Nilidhani ananitafuta gamosa nyingine, nikamwambia Moinul amwondoe, sina kitu.

Moinul akasema, "Simama, shemeji. Mumeo ndiye anayemnusa. Kwako bado yupo."

Jioni ile nilijinusa mikono, nikanusa shali, nikanusa ncha za nywele. Sikusikia kitu. Miaka yote nimelala ubavuni pake, na mimi siwezi kumsikia. Rupmala anaweza. Kwa hiyo sanduku nimelirudisha chini ya kitanda. Siji Guwahati, mdogo wangu, si sasa. Najua kila ninapooga anapungua, na itafika jioni Rupmala ataninusa kisha ageuze uso. Siku hiyo nitajua amekwisha kweli, nami nitakuja nikae nanyi. Kwa sasa naoga mara chache. Watu wa bwawani wameanza kusema.

Wabusu watoto, na yule mdogo umpake mafuta ya vuguvugu kifuani. Shemeji mwambie nimeshukuru sana kwa chumba alichonitengea, asikipe mtu mwingine, lakini pia asiningoje kwa haraka.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Khargeswari