Waya Aliouhamisha Mama Yako

Mwanangu Salimu,

Niwie radhi kwa kimya changu kirefu. Tangu siku watu walipokimbia mashambulizi Palma, nawe ukarudi dukani kuchukua kompyuta za wateja, sijui barua niipeleke wapi. Hakuna aliyekuona tena, hai wala maiti.

Kompyuta yako ya zamani tuliikuta nyumbani, nzima. Ndani mna maulidi na harusi ulizorekodi, na kila rekodi inaanza na sauti yako: "Teste, teste. Baba, sogea, unaziba maikrofoni." Mama yako hukaa akikusikiliza. Juzi nilimsikia akikujibu.

Sasa diski inakwaruza; haina maisha marefu. Dada yako Amina alileta kompyuta mpya, tukaziunganisha kwa kile kisanduku chako chenye matundu ya waya, ili tunakili rekodi zako. Ulinifundisha, mimi niliye mwalimu, kwamba matundu mengi ni ya taratibu, mawili ya pembeni ndiyo ya kasi, na mashine moja ikiwa kwenye tundu la taratibu, nyingine huisubiri. Nilipouliza sababu, ulicheka: "Mwalimu, hata wewe ukitembea na bibi, unakwenda mwendo wa bibi."

Tulitumia yale ya kasi. Shehe alikwisha kutushauri tukusomee hitima, nami nikatamka mbele ya wote: tukimaliza kunakili, tutasoma.

Jana Amina alipoendelea na kazi, rekodi zilizokuwa zikienda mbio zikawa zinajikokota. Akailaumu diski. Nikainama, nikaona waya mmoja umehamishiwa tundu la taratibu.

"Nani amegusa hapa?"

"Mimi," mama yako alijibu. "Salimu alinifundisha na mimi. Au ulidhani mwanafunzi wake ni wewe tu, Mwalimu?"

"Diski itakufa kabla hatujamaliza, mama Salimu."

"Na mkimaliza, mtamzika mwanangu bila kaburi."

Amina alianza kulia. Nilikaa chini, kisha nikasema kwamba nimeliondoa neno langu: kunakili ni kunakili, na hitima haitasomwa mpaka mama yako mwenyewe aridhie. Akaurudisha waya kwa mkono wake. Leo sauti yako yote imo katika kompyuta ya Amina.

Lakini nikimaliza kusali, sijui nikuombee urudi au nikuombee rehema. Nalitaja jina lako, nanyamaza. Siku mama yako na mimi tutakapokubaliana, nitakuandikia tulichoamua.

Mungu awe nawe, popote ulipo.

Baba yako