Adele, Bamemuuliza Yeye Ni Mutoto wa Nani

Adele, rafiki yangu,

Mimi nasema, mujukuu yako Solange anaandika. Nimemukataza kutengeneza maneno yangu. Mukono ni yake, mudomo ni yangu, na weye unaijua.

Tangu tulikuzika, siye tungali mu kambi, chini ya bashi, ile turubai ya plastiki. Kule kwetu karibu na muji ya Kilo hakuna mwenye amerudi. Lakini sikia hii, ucheke: mimi, mwenye sijakanyaga mulango ya shule, niko nafundisha banafunzi ba buganga, benye banasomea budaktari. Banatumwa kututunza siye bakimbizi ba Djugu, na luga yetu hawaijui. Basi mwalimu yao ananilalisha kwa kitanda, najifanya mugonjwa, banajaribu kuniuliza wapi panauma. Ule wa kwanza alinishika tumbo bila salamu. Nikamupiga mukono.

Kisha akaja Solange, naye ni mumoja wa bale banafunzi. Nikamuuliza vile bamama betu banauliza mbele ya kuguswa: "Uko mutoto wa nani?" Akarudisha mikono nyuma, akaangalia mulango. Unajua sababu. Zamani mutu akijibu ile swali, anapewa kiti. Leo banaiuliza ku bariere, kizuizi ya njia, penye benye bunduki, na jibu moja inakulaza chini. Kwenu ni benye ng'ombe, kwetu ni bakulima, na sasa banauana. Kwetu siye wawili hiyo ilikuwa tu maziwa yako kwa maharagi yangu. Mwalimu akasema swali hiyo baikwepe. Nikamwambia, mwalimu, mwanamuke wa kwetu hampi tumbo yake mutu mwenye hana mama.

Juzi siku ya kweli ikafika. Mu kambi uchungu ya kuzaa ilishika mwanamuke kijana wa kwetu, mwenye bwana yake aliuawa njiani. Mukunga alikuwa kwa mugonjwa mwingine. Alibaki Solange tu, na mimi wa kutafsiri. Mutoto alikuwa anakuja vibaya, muguu mbele. Ule mwanamuke akamushika Solange mukono, akauliza: "Uko mutoto wa nani?"

Adele, bamama bote pale mulangoni bakageuka kumuangalia. Mama mukwe ya ule mwanamuke akasimama. Nikafungua kinywa niseme ni mujukuu yangu. Uwongo ilikuwa tayari kwa ulimi.

Solange akanitangulia. Akasema na luga yetu, na ile lafuzi yako mbaya, ile luga nilikufundisha kidogo tukichambua maharagi, weye ukamwachia: "Niko mujukuu wa Adele. Kwetu ni kwa benye ng'ombe."

Nikajiweka kati ya Solange na mulango. Mimi muzee, ningefanya nini? Ningeuma mutu, nafikiri.

Uchungu ikamurudia ule mwanamuke. Alilia mpaka ikaisha, hakuachia ule mukono. Kisha akasema polepole: "Umejibu. Nawa mikono, uje."

Mukunga alifika wakati miguu yote imetoka, akamalizia. Mutoto analia, mama anapumua. Hapana, hawakumuita mutoto Solange wala Adele, usiote. Na yule mama mukwe hatusalimu bado.

Huyu mujukuu yako sasa analowesha karatasi. Nimemwambia alie, lakini aandike.

Lala, rafiki yangu. Kesho anarudi mu kambi na benzake, na batamuuliza tena. Nitakuwa pale, mugongo yangu ku mulango. Lakini nakuahidi, sitajibu mahali pake.