Taa Ilizima Ukiwa Ndani

Jeddah, Ijumaa ya mwisho ya Novemba

Baba Wakesho wangu,

Leo madam na watoto wake wameenda ufukweni. Nyumba yote hii ya Al-Hamra iko kimya, na mimi nimeketi jikoni nikikuandikia barua isiyo na wa kuipeleka. Sijui maneno makubwa. Nitakuandikia kama tulivyokuwa tukiongea kwenye simu, mimi huku nikikata vitunguu, wewe huko Riyadh ukiwa juu ya ngazi.

Unakumbuka siku uliyonionyesha ile ofisi mara ya kwanza? Uliizungusha simu mpaka nikasikia kizunguzungu. Ukuta wa majani mabichi, yakinyweshwa maji yanayodondoka kutoka kwenye mashine za baridi. Meza ndefu ya mbao za masanduku ya mizigo, zilizotolewa bandarini huku kwetu Jeddah. Kuta za ndani, vioo vitupu.

"Hakuna ofisi ya bosi, Mama Wakesho," ukaniambia. "Mkubwa na mdogo, wote meza moja. Wanataka watu wafanye kazi kwa kusaidiana, na kusiwe na kitu cha kutupwa."

"Na nyinyi mtakaa wapi?"

"Sisi ni mafundi. Fundi hana meza, ana ngazi."

Tulicheka.

Kisha ukanionyesha kidude cheupe ulichokuwa ukikifunga darini, ukakiita jicho. Mtu akiingia, jicho linamwona, taa inawaka. Akiondoka, taa inazima yenyewe, umeme usipotee bure. "Lakini ukikaa tuli sana, pia inazima," ukasema, ukaketi sakafuni unionyeshe. Hukuweza. Goti lako lilikuwa likicheza, vile vile lilivyokuwa likicheza kanisani nyumbani Wundanyi, mpaka benchi zima linatikisika na mama yako anakufinya.

"Wewe taa hii haitakuzimia hata siku moja," nikakutania.

Yaliyofuata nilielezwa na Mwakio, mwenzako wa chumba, maana kampuni haikunieleza kitu. Mchana mmoja wa joto ulimwambia kifua kinakubana, unakwenda kujinyoosha kidogo. Ukaingia kile chumba cha katikati kisicho na dirisha, walichokiita chumba cha utulivu, cha watu wa ofisi kupumzisha akili. Viti vilikuwa bado havijaletwa. Ukalala sakafuni nyuma ya maboksi. Goti likaacha kucheza, na taa uliyoifunga kwa mikono yako ikazima.

Msimamizi akapita akikutafuta. Akachungulia kwenye kioo, akaona giza.

"Mafi," akawaambia wenzako. "Hayupo. Yalla, kazini."

Mlango hakuufungua. Aufungue wa nini? Taa ilikuwa imeshamwambia hakuna mtu. Mwakio ndiye aliyeusukuma alasiri, akifuata ngazi, na taa ikawaka ikamwonyesha wewe.

Daktari alisema ni moyo. Nikauliza, kama angepatikana mapema, je? Labda ungepona, labda siku yako ilikuwa imefika. Hilo namwachia Mungu. Nisiloweza kulimeza ni simu ya yule msimamizi. Aliniambia kwa upole kabisa, "Dada, pole, lakini yeye alikuwa ameacha kazi. Hakuwepo." Hakuwepo, nawe ulikuwa upande wa pili wa kioo.

Ulirudishwa nyumbani bila mimi. Nilikuzika kwenye simu, nikimtazama Wakesho ameshika gauni la bibi yake, picha ikikatika kila mara kwa sababu ya mvua.

Mwezi uliopita madam alinipa ruhusa nikaenda Riyadh. Sikufuata kingine. Nilitaka mtu mmoja tu wa pale aseme kwamba ulikuwepo.

Msichana wa mapokezi alinipokea vizuri, siwezi kumsema vibaya. Nilimwambia, kwa Kiarabu changu cha jikoni, kwamba taa zile alizifunga mume wangu. Akafurahi, akanitembeza. "Hapa kila mtu anaonekana," akasema, akigusa vioo. Vijana walikuwa wameizunguka meza yako ya masanduku, wanasogezeana kompyuta, wanataniana. Majani yamestawi. Baba Wakesho, ni pazuri. Ningekuta pabaya ningepona kidogo, lakini ni pazuri kama ulivyosema.

Nikaomba kuketi kwenye chumba cha utulivu. Sasa kina viti laini na zulia, na zulia limefunika pale ulipolala. Msichana akaketi nami. Nikanyamaza, sikusogeza hata kidole. Naye akatulia kwa heshima. Taa ikazima.

Nikamsikia akicheka kidogo gizani. Akapunga mkono, ikawaka. "Samahani, mama. Inafanya hivi pakiwa hakuna mtu."

"Mtu alikuwepo," nikamwambia.

Hakuelewa. Nikamweleza yote, polepole, kwa maneno niliyonayo. Alitazama zulia, kisha akavuta miguu yake juu ya kiti. Akauliza jina lako. Nilimpa, akalitamka mara mbili, zote vibaya, kisha simu ya mapokezi ikalia, akainuka. Hicho ndicho nilichorudi nacho Jeddah.

Chumba changu hapa kiko nyuma ya jiko, na taa yake ni ya kubonyeza. Naiacha ikiwaka nikilala. Madam aliuliza sababu, nikamwambia naogopa giza, kwa kuwa hilo analielewa.

Sasa nasikia gari langoni, wamerudi. Kwaheri, Baba Wakesho. Kuna siku nitachoka, nisikuandikie, nisikutaje, nikae tu kimya kama nyumba isiyo na watu. Siku hiyo usichungulie ukapita. Sukuma mlango. Nikumbuke.

Mkeo,
Mama Wakesho