Jiwe Jeupe la Ufuo wa Nyuma

Konamara, Ayalandi
Jumapili, 12 Mei 1996

Mdogo wangu Colman,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na wifi yangu Noreen na watoto. Natumaini goti lako limepata nafuu na kwamba umeacha kupanda mapaa ya watu kama kijana wa miaka ishirini. Sisi huku tungali wazima. Mimi nakohoa kidogo, ng'ombe amezaa salama, na Mama, aliyetimiza themanini mwezi wa tatu, anakula vizuri na kugomba vizuri zaidi. Anasema hujaandika tangu Krismasi. Ujumbe nimeufikisha.

Lakini sikuandikii kwa ajili ya ng'ombe. Nakuomba uisome barua hii ukiwa umekaa.

Wiki mbili zilizopita padri wetu mpya alitangaza kanisani kwamba mwisho wa Juni atakwenda kukibariki kile kiwanja chenye ukuta juu ya Ufuo wa Nyuma, tulichokatazwa kukanyaga utotoni. Unakijua: ndiko walikozikwa vichanga waliokufa bila ubatizo, kwa kuwa sheria ya wakati ule haikuwaruhusu kulala na wakubwa. Alisema kila mwenye mtoto pale asimame mbele ya jiwe la mtoto wake, na jina litasomwa kwa sauti. Watu waliinamisha vichwa. Mimi niliwaza chakula cha mchana, maana nilidhani hayatuhusu. Tulipofika nyumbani Mama hakuvua hata koti. Aliniambia nitafute viatu vyangu vya matope, kesho yake tunakwenda Ufuo wa Nyuma. Nilipomkumbusha umbali na hali ya miguu yake, alinijibu kwamba hakuniomba nimbebe.

Tulitoka asubuhi kukiwa na manyunyu. Njia haijabadilika: mageti matatu, kinamasi, kisha ule mteremko katikati ya vichaka vya miiba vyenye maua ya manjano. Kwenye geti la pili nilijaribu kumshika mkono, akaniambia, "Niachie, mimi si ndoo ya maziwa." Kila baada ya hatua ishirini alisimama, akisingizia kuwatazama kondoo wa jirani yetu Conneely, na kuwasema kwamba wamekonda kama mwenye mali. Mwendo wa nusu saa ulituchukua saa mbili, nami nilianza kuogopa namna ya kumrudisha.

Ufuoni hapakuwa na mtu. Tulikaa juu ya kokoto, tukanywa chai tuliyobeba kwenye chupa na kula mkate. Wimbi lilikuwa likirudi na kuzikokota zile kokoto kwa kishindo, na Mama alisubiri litulie ndipo aseme, kisha akanyamaza tena lilipokuja jingine. Hivyo ndivyo nilivyoyasikia, vipande vipande.

Colman, mimi si kifungua mimba. Mwaka 1946, miaka miwili kabla yangu, Mama alijifungua mtoto wa kiume aliyetoka hana uhai. Baba alimtia katika kisanduku cha mbao, akambeba kwa njia ileile tuliyopita, peke yake, kabla watu hawajaamka. Mama alikuwa kitandani, hakuonyeshwa kaburi. Baba alimwambia tu kwamba ameweka jiwe jeupe, kubwa kiasi cha mkate, lenye mstari wa rangi ya kutu. Alipopata nguvu alikwenda akaliona. Tangu hapo kila alipotuaga kwamba anakwenda kuokota mwani, alikuwa akienda kwa mwanawe.

Kisha mwaka 1957 alilikosa. Mawe mengine yote yalikuwepo, hamsini na zaidi, ya kijivu, yote yakifanana. Unajua Baba alivyochukia mawe meupe. Hakuruhusu hata kipande ndani ya mashua yake, akisema ni mawe ya makaburi na yanaita kifo. Mama akaamini kwamba Baba ndiye aliyelitupa baharini, ama kwa kuihofia mashua yake, ama ili yeye aache kwenda. Baba aliapa kwamba hakuligusa. Mama hakumsadiki. Unaukumbuka ule msimu wa baridi waliokuwa hawasemezani? "Mwambie baba yako chai iko tayari," na Baba yuko palepale mezani! Wewe ulikuwa na miaka sita, nawe ndiye uliyekuwa posta. Waliendelea kuishi, lakini Mama aliniambia kwamba hata siku Baba alipokuwa akikata roho hakumwambia kwamba amemsamehe.

Niliweka mkate chini. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nilimwambia Mama palepale, na sasa nakwambia wewe: ni mimi niliyelichukua. Nilikuwa na miaka tisa, niliruka ukuta kwa ubishi tu, nikaliona linang'aa kuliko yote. Nililificha nyuma ya banda la kuku ili Baba asilione. Ulipoondoka kwenda Boston nililitia ndani ya sanduku lako, nikakudanganya kwamba nimeliokota majini. Ni lile lililozuia mlango wa jikoni kwako miaka yote hii, lile uliloandika kwamba ukilitazama unaona nyumbani.

Nilitarajia anipige kwa fimbo yake, na ningefurahi. Hakuinua fimbo. Akauliza liko wapi sasa, nikamjibu. Akasema, "Kumbe amefika Amerika kabla yangu." Kisha akalia, akamtaja Baba kwa jina, akawa anarudia, "Festy alisema kweli. Festy alisema kweli." Nililia naye. Sijawahi kujichukia kama siku ile.

Tulipanda hadi kiwanjani. Mwizi hasahau mahali alipoiba: ni hatua tatu kutoka kwenye pengo la ukuta, chini ya mti wa miiba ulioinama. Bila lile jiwe Mama alikuwa amepotewa na mahali, akipiga magoti upande wa pili kwa miaka karibu arobaini. Nilimwomba radhi hata kwa hilo. Alisema huyo wa upande wa pili naye pengine hakuwa na wa kumwombea. Kisha alichomeka fimbo yake ardhini chini ya mti, akaiacha hapo, na wakati wa kurudi alinishika mkono njia nzima bila kugomba.

Jina ameshalipeleka kwa padri. Litasomwa Festy, jina la Baba.

Kwa hiyo njoo kabla Juni haijaisha. Usilitume kwa posta, na usilipakie na mizigo. Libebe mapajani.

Nisalimie wifi na watoto, uwaambie shangazi yao anawapenda, ingawa sasa watamjua vizuri zaidi. Mama anakusalimu. Anasema mlango wako utafutie kitu kingine cha kuuzuia.

Ni mimi dada yako,
Bairbre