Hema la Msimu wa Asali

Kambi ya asali,
Msitu wa Goweko,
22 Juni 1947

Mpendwa dada Imakulata,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo dada yangu. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Choma, wewe, shemeji na watoto, na ng'ombe nao wanapata maji. Ukitaka kujua hali yangu, mimi ni mzima kabisa, nimenenepa kwa asali, na kicheko hakinitoki.

Najua umeshtuka kuona naandika kutoka porini. Ndiyo dada, nimekuja! Unakumbuka nilivyolia mwaka jana, harusi haijapoa, Anselm aliponiacha Ipuli akaenda kurina asali na wenzake. Mwaka huu nikamwambia wazi kwamba sibaki. Yeye alikubali upesi, lakini mama yake akakataa katakata. Alisema mke wa mtu halali katika kibanda cha magome katikati ya wanaume. Nilipozidi kumbembeleza akaweka sharti: tupate hema ambalo mwanamke anaweza kusimama ndani akafunga kanga yake, na lenye mlango unaofungika. Tena atalikagua mwenyewe. Lisipomridhisha, nabaki.

Basi tukaenda watatu mjini kwa Mzee Abbasi, anayeuza vitu vilivyoachwa na jeshi baada ya vita. Anselm akapenda palepale hema jeupe la duara, kubwa kama kanisa la kigango. Nikamwuliza atalibeba nani, maana kutoka stesheni ya Goweko tunafuata ile njia ya zamani ya misafara kwa miguu, na sisi hatuna wapagazi. Mzee Abbasi akaleta la pili, dogo na jepesi. Nikaingia kwa kutambaa, nikatoka kwa kutambaa, kanga ya juu ikabaki ndani. Mzee wa watu aligeukia ukutani kwa heshima, lakini mabega yalikuwa yanatikisika kwa kicheko.

La tatu lilikuwa la kijani, la kiasi. Nikaomba lisimamishwe uani. Nilinyoosha mikono, nikafunga kanga bila kuinama. Nikalinusa pia, maana nyuki hawapendi harufu kali, na lile jeupe lilinuka lami. Hili lina mapaa mawili ya turubai, na baridi ya mwezi wa sita unaijua.

Mama mkwe akaingia peke yake, akafunga mlango. Tukangoja. Nikajua anatafuta tundu la kunibakishia Ipuli. Alipotoka, mgongo umejaa majani makavu, akasema tu kwamba linafaa, akatangulia nyumbani.

Sasa dada, nikuambie jambo ambalo Anselm ameniomba nisimwambie mtu. Katika hema hili silali naye. Asubuhi ya safari tulimkuta mama mkwe mlangoni, mkeka kichwani. Alisema marehemu mumewe alimletea asali kila mwaka, lakini hakuwahi kumwonyesha inakotoka. Siku ile kwa Mzee Abbasi alijilaza ndani ya hema, akawaza kwamba wangekuwa nalo enzi zao, labda angechukuliwa. Anselm akampokea mkeka. Mtu na mama yake hawalali hema moja, hilo unalijua. Kwa hiyo mimi na mama tumo humu, na bwana harusi yuko kwenye magome na wenzake! Kila jioni anakuja, anakohoa, anapiga hodi, anangoja kukaribishwa. Tunatembea kidogo, na nakuambia kweli, ananibembeleza kuliko alipokuwa akinichumbia.

Juzi alimpeleka mama kwenye mti wenye mzinga wa baba yake, ambao bado una nyuki. Mama alilishika lile shina akalia. Kisha akaanza kuimba na kucheza, hadi wanaume wakamwomba apunguze, nyuki wasije wakakasirika. Nami nililia, dada, kwa furaha. Nampenda mama huyu.

Wasalimu shemeji na watoto. Asali yao nimeshaitenga, itakuja na watu wa Goweko pamoja na barua hii. Mama mkwe anakusalimu sana. Jana aliniuliza kama mwakani tutarudi. Nikamjibu kwamba tutarudi, ila Anselm atafute hema la pili. Akasema atafute la kwetu sisi wawili, yeye mwenyewe humu hatoki.

Ndimi mdogo wako akupendaye,
Eustadia