Uso wa Malarkodi, Sauti ya Mke Wangu

Jumatatu, 2 Juni 1997
Boga la kufukuza kijicho limepasuliwa! Upigaji picha umekwisha, kafuri imewashwa, mwongozaji Ezhilan kakumbatia kila mtu, hata waliomchukia. Nimekula ladu nne. Mfukoni, mbili.

Halafu Malarkodi, nyota wetu, akanivuta nyuma ya lori la taa. Jina lake la nyumbani ni Harleen, mtoto wa Punjab. Jina la Malarkodi kapewa na produsa. Miaka kumi na miwili sasa nasimama kando ya kamera namtajia maneno ya Kitamil, naye anayafuata kama kasuku mrembo. Filamu arobaini. Uso wake. Sauti, inayoingizwa studio baadaye — ya mke wangu, Kanagavalli, miaka hamsini na tisa, koo la binti wa kumi na nane. Tamil Nadu nzima inampenda binti ambaye nusu yake inanikoromea kitandani.

"Babu, filamu hii nataka niseme mwenyewe," kaniambia.

Ezhilan kakubali kumjaribu. Jumatatu ijayo atasikiliza sauti zote mbili, achague moja. Je, nitamfundisha? akaniuliza. Nikasema ndiyo kabla hajamaliza. Ndipo nikakumbuka nalala na nani.

Jumatano, 4 Juni
Nyumbani nimeaga kwamba naenda kwa daktari wa meno. Meno yenyewe matano.

Somo la kwanza! Kwenye filamu yeye ni mwuza samaki wa bandari ya Kasimedu, na mimi nilizaliwa hukohuko. Mimi na shule tuliachana darasa la tano, kila upande ukashukuru. Tumeanza na matusi. Ukishayajua matusi ya bandarini, Kitamil kilichobaki ni mteremko tu. Jioni kamtukana dereva wake vizuri mno, dereva kasimamisha gari akamwamkia. Nusura nilie kwa furaha.

Alhamisi, 5 Juni
Meno tena. Ulimi wake umekunjika sawasawa! Kaipata ile herufi yetu inayowashinda hata watu wa Madras. (Chennai, wanataka tuseme siku hizi. Waseme wao.)

Ijumaa, 6 Juni
Balaa. Ezhilan kapita kusikiliza. Kafumba macho, kafumbua, kaniangalia mimi. Kumbe mtoto kachukua kila kitu changu: anakohoa kabla ya kuanza, anaburuta mwisho wa neno, ananyonya fizi! Ezhilan akasema mwuza samaki wetu anaongea kama mzee aliyepanga foleni ya pensheni. Nikacheka mpaka nikakaa chini. Harleen hakucheka. Alingoja Ezhilan aondoke.

"Babu, watu wananishika miguu barabarani kwa heshima," akasema. "Nikiwajibu, wanaangalia nyuma yangu. Wanamtafuta mwenye sauti."

Nikaacha kucheka. Tukaanza upya, bila kikohozi.

Jumamosi, 7 Juni
Mke kajua. Aliuliza ni jino gani hilo linalong'olewa siku tatu. Nikamwambia lina mizizi. Akaniwekea idli, vikate vyetu vya mvuke, bila chatini — kwetu hiyo ni vita. Kisha akaongea kwa ile sauti yake ya filamu, laini, ile inayonitia baridi mgongoni.

"Nimebakiwa na nyota huyu mmoja. Wengine wote wameshachukua wasichana wa kuwasemea." Kachota chatini. "Umemfundisha vizuri, lakini?"

Nikasema vizuri sana. Chatini kaimaliza peke yake.

Jumapili, 8 Juni
Nimejipikia kahawa, imeungua. Sikujua kahawa huungua.

Jumatatu, 9 Juni
Naandika nje ya mlango wa studio, Saligramam. Spika ya ukutani inatuletea kila kitu. Onyesho: mwuza samaki anamfukuza mumewe mlevi, akishaondoka analia.

Kanagavalli kaingia wa kwanza. Mara moja tu! Hakurudia hata neno, mafundi wakapiga makofi. Akatoka, akakaa kando yangu, akafungua karanga zake. Hakunipa.

Harleen kaingia. Mara ya kwanza. Ya nne. Ya tisa! Matusi — dhahabu tupu, fundi mmoja kasikika akiomba Mungu amsamehe. Ila kilio kinamkwama. Anafika palepale, sauti inakatika.

Kanagavalli kaacha kutafuna. Nikamuuliza polepole, nani bora?

"Mimi," akasema. "Miaka thelathini na mitano ya kazi, ulitaka awe nani?" Akakunja mfuko wa karanga. "Ila mimi nalia kama bibi harusi. Mwanamke huyu ana watoto watatu na ndoo ya samaki kichwani."

Mara ya kumi na moja. Palepale. Ezhilan kachungulia mlangoni, shati limelowa. Harleen bado yuko ndani, kasimama mbele ya maikrofoni kama mtu aliyesahau njia ya kwao.

"Mama, njoo umalizie wewe," Ezhilan akasema. "Hatuwezi kulala hapa."

Mke wangu kasimama. Kanipa karanga zote. Kanipa mkoba, ambao hata mama yangu mzazi hakuwahi kuruhusiwa kuushika. Akafika mlangoni, akarudi, akavua miwani akaniwekea mkononi. Bila miwani Kanagavalli hasomi hata jina lake mwenyewe, sembuse maneno ya onyesho! Nikamwita, hakugeuka. Mlango umefungwa. Taa nyekundu imewaka.

Spika inapumua. Pumzi mbili, siyo moja: mke wangu hakuingia kusema, kaingia kusimama na Harleen —